Je, Wajua? Spika, kanda na sauti za Kolwezi

Je, wajua kwamba vita vya siku chache mjini Kolwezi vilibadilisha spika za dunia nzima?

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, kundi lililotokana na askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola, waliuteka mji. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Migodi ikasimama, mafundi wa kigeni wakafungasha. Zaire ya wakati ule, yaani Kongo ya leo, ilikuwa ikitoa kiasi cha nusu ya kobalti yote duniani, na sehemu kubwa ilichimbwa hapa. Bei rasmi, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka huo, ikafika dola 25 mwanzoni mwa 1979.

Sasa, spika nzuri za sinema na kumbi zilitumia sumaku za alniko, yaani mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti. Kampuni za Marekani kama JBL na Altec zikajikuta haziwezi tena kuhimili gharama, zikahamia sumaku za feraiti, ambazo ni kubwa na nzito zaidi lakini hazina kobalti ndani yake. Hadi leo kuna wapenzi wa muziki Ulaya na Japani wanaolipa pesa nyingi kupata spika za zama za alniko, na hubishana usiku kucha kuhusu ladha ya sauti yake. Jina la Kolwezi hulitaja kwa kupita tu, kama sababu ya bei kupanda.

Na kanda zenyewe? Utepe wa kaseti ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma. Katikati ya miaka ya 1970 TDK ya Japani ilianza kuzifunika chembe za unga huo kwa kobalti kidogo, sauti ikatoka safi zaidi, na mbinu ya namna hiyo ikaingia pia kwenye kanda za video. Basi harusi na taarabu ulizorekodi Mombasa, Muscat au Bujumbura kwenye kaseti nzuri za enzi hizo zimekaa juu ya madini ya aina ileile tunayochimba huku.

Na simu yako? Kongo sasa hutoa takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na gramu chache zake zimo kwenye betri nyingi za simu. Katika mtaa wa Kasulo, hapahapa Kolwezi, mwaka 2014 wakazi waligundua kwamba madini yako chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mashimo sebuleni na uani. Kwa hiyo kijana wa Kasulo anayesoma UNIKOL, Chuo Kikuu cha Kolwezi, anaweza kurekodi muhadhara kwa kifaa ambacho sehemu ya betri yake ilitoka chini ya kitanda cha jirani. Mimi hapa huwa nacheka, halafu huacha kucheka.

Je, wajua muhadhara wa Kolwezi unarekodiwaje? Wafadhili wakija huzungumzia kamera na studio. Ukweli uko juu ya meza ya profesa: simu nane, kumi, zimelazwa chali, upande wa maikrofoni ukimwelekea yeye. Aliyechelewa huipitisha yake kwa mikono ya wenzake hadi mbele. Ukija kusikiliza usiku, profesa yuko mbali. Karibu yako zaidi kuna chaki, kikohozi, jenereta ya ng'ambo ya ukuta, na mlio wa ujumbe ulioingia kwenye simu ya jirani katikati ya fomula. Kisha faili hurushwa kwenye kundi la WhatsApp, wasiokuwapo wakasikiliza, na muhula ukiisha watu hufuta ili simu ipate nafasi. Hivyo ndivyo mihadhara mingi inavyozaliwa na kufa.

Umeme? Kolwezi ndiko unakofikia mmoja wa mistari mirefu zaidi ya umeme duniani: kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga, karibu na mlango wa mto Kongo, hadi kituo cha kupokelea umeme hapa. Ulipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakukuwa na mwingine mrefu kama huo. Ulijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Ndiyo maana mji ulio mwisho wa mstari mkubwa namna hiyo bado unajua sana harufu ya mafuta ya jenereta.

Adui wa kamera Kolwezi ni nani? Si mwizi, ni pudra. Mwanafunzi akimaliza kutetea kazi yake ya mwisho mbele ya jopo, ndugu na marafiki humsubiri mlangoni na makopo. Anatoka na suti nyeusi, baada ya dakika moja ni mweupe kuanzia kichwani hadi viatuni, mama zake wanapiga vigelegele, shangazi anacheza, na kila simu iliyo hewani inameza unga. Video hizo ndizo kumbukumbu za chuo zinazotunzwa vizuri kuliko zote. Hakuna anayezifuta, hata simu ikijaa.

Je, wajua UNIKOL ni mtoto wa nani? Ilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na Lubumbashi yenyewe ilianzishwa 1955 kwa jina refu kuliko majengo yake: Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ikaviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, chenye kampasi Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Masomo ya lugha na jamii yakapelekwa Lubumbashi. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Uamuzi ule wa 1971 uliwaweka watu wa ajabu kwenye kampasi moja kwa miaka michache. Subiri kidogo, tutawafikia.

Kabla ya chuo, kulikuwa na kambi. Je, wajua kwamba moja ya harakati kubwa za kidini za Kiafrika katika karne ya 20 ilianzia Ruwe, kambi ya wachimbaji pembeni mwa Kolwezi? Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji ambaye tayari alikuwa na jina kwa kitabu chake cha 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu, alifika Ruwe mwaka 1953. Akaketi na wafanyakazi wa mgodi na wake zao, na kutoka humo ikazaliwa Jamaa. Hawakuwa na jengo lao wala kadi za uanachama. Walikuwa na mafundisho: mume na mke wakikaa na wenzao nyumbani na kuzungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo, kwa Kiswahili cha Katanga, hadi usiku mwingi. Tempels alirudi Ubelgiji 1962. Mafundisho yakaendelea bila yeye.

Miaka ya 1966 na 1967 kijana mmoja Mjerumani, Johannes Fabian, akaja kufanya utafiti juu ya Jamaa kwa ajili ya shahada yake, na alikuwa na kinasa sauti. Mafundisho yale yaliyokuwa yakipita kinywa kwa kinywa kwenye nyumba za kampuni ya migodi ya Union Minière yakaingia kwenye utepe. Mihadhara hiyo ya Kiswahili kutoka Kolwezi haikutolewa na maprofesa basi; ilitolewa na wachimbaji wa shaba na wake zao. Kitabu chake, *Jamaa*, kilitoka Marekani 1971.

Fabian alirudi. Kuanzia 1972 hadi 1974 alifundisha kwenye kampasi ya Lubumbashi. Na wakati huohuo kampasini alikuwapo V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, ambaye riwaya yake ya kwanza, *Entre les eaux*, ilitoka 1973 na ambaye baadaye angeandika *The Invention of Africa*. Alikuwapo pia Bogumil Jewsiewicki, Mpolandi mwanahistoria aliyeipenda michoro ya mitaani. Fikiria mgahawa wa chuo wenye watu hao. Hakuna aliyeweka kinasa sauti juu ya meza ile, nami hilo linaniuma kuliko mambo mengi yaliyomo humu.

Je, wajua historia nzima ya Kongo iliwahi kuchorwa kwenye magunia ya unga na kusimuliwa kwa Kiswahili? Mchoraji aliitwa Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Kama wenzake wengi, aliuza michoro kwa watu wa kawaida: Lumumba, pingu, treni, nguva. Mwaka 1973 alibisha hodi nyumbani kwa Fabian. Mazungumzo yakaenda mbali. Tshibumba akasema yeye si mchoraji tu, ni mwanahistoria. Anaweza kuchora nchi nzima tangu mababu hadi kesho. Ndani ya miezi michache akaleta michoro zaidi ya 100. Kila alipoleta fungu jipya alikaa chini na kueleza picha moja baada ya nyingine, kinasa sauti kikizunguka.

Ukiyasoma maelezo yale leo (kitabu kinaitwa *Remembering the Present*, cha 1996), unaona ni muhadhara hasa. Ana hoja na ana mpangilio, anamsahihisha msikilizaji wake, anakataa swali asilolipenda. Hakuwa na shahada yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapotea, asionekane tena. Michoro iko Amsterdam, katika jumba lililojulikana kwa muda mrefu kama Tropenmuseum.

Na mganga aliyefunga nyumba? Hiki ni kisa ninachokipenda. Mwaka 1974 nyumba ya Fabian mjini Lubumbashi ilifungwa kwa dawa dhidi ya wezi na wabaya wengine na mtaalamu mmoja, Kahenga Mukonkwa Michel. Baadaye Kahenga alikubali kukaa na kueleza kazi yake, miti yake na jinsi alivyojifunza, kwa Kiswahili, mbele ya kinasa sauti. Utepe ukalala zaidi ya miaka 30. Mwaka 2008 mazungumzo yale yakawa kitabu kizima, na maandishi yake ya Kiswahili yakawekwa kwenye intaneti, kila mtu asome. Kahenga pengine ndiye mganga pekee wa Katanga ambaye saa moja ya maneno yake imechambuliwa zaidi kuliko hotuba nyingi za marais.

Je, wajua kuna kitabu cha Kiswahili ambacho mtaalamu alishindwa kukielewa mpaka kiliposomwa kwa sauti? Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani mjini Élisabethville kilitoa historia ya mji, iliyopigwa taipu, mwandishi akiwa André Yav. Ni historia ya mji mkubwa kama ilivyoonekana kutoka jikoni na kwenye veranda za Wazungu. Tahajia yake ilikuwa ya kwake mwenyewe: maneno yamekatwa na kuunganishwa kwa namna ambayo jicho linakwama. Dawa ilikuwa rahisi. Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, akakisoma kwa sauti, kikarekodiwa, na mara sentensi zikasimama zenyewe. Tafsiri ikachapishwa 1990. Wenye kudharau Kiswahili cha huku kwa kuwa hakifuati vitabu vya sarufi wangefanya vyema kusikiliza kwanza, kisha wasome.

Kuna aliyekuwa amesikiliza mapema. Edgar Polomé, Mbelgiji, alifundisha Élisabethville kuanzia 1956 hadi 1960, akakichunguza Kiswahili cha mji huo, kisha akahamia Texas na mwaka 1967 akachapisha *Swahili Language Handbook*, kitabu ambacho Wamarekani wengi walijifunzia. Kwa hiyo sehemu ya Kiswahili cha vyuo vya Marekani ilipitia Katanga. Wazanzibari msikasirike.

Je, wajua kundi la maigizo la Katanga lina kitabu chake Vienna? Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, likiongozwa na mwigizaji aliyebeba jina hilo jukwaani, liliigiza kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni, na kila mtu hadi Kolwezi alizijua sauti zake. Mwaka 1981 Walter Schicho wa Vienna pamoja na Mbayabo Ndala walichapisha maandishi ya michezo hiyo, na mwaka uliofuata Schicho akatoa kitabu kingine juu ya sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi. Vichekesho vilivyowavunja watu mbavu kwenye baa za Kenya, mtaa wa Lubumbashi, vikawa data ya wanaisimu wa Austria.

Mwaka 1986 Fabian, sasa profesa Amsterdam, alikuwa Lubumbashi tena. Mezani, alipotengewa firigisi ya kuku, alisikia msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Akawauliza Mufwankolo maana yake. Wangeweza kumjibu kwa dakika mbili. Badala yake walibishana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi siku baada ya siku, na mwisho wakaucheza mchezo mzima katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, televisheni ya taifa ikirekodi. Mabishano, mazoezi na mchezo wenyewe vyote vilinaswa. Huwezi kuona mara nyingi tamthilia ikiwa na kumbukumbu ya jinsi ilivyopikwa tangu wazo la kwanza; tamthilia nyingi za vyuo vyetu hazina hata picha moja. Na kumbuka mwaka: 1986, Mobutu yuko kitini, na watu wa Katanga wanacheza hadharani mchezo juu ya chifu na ulaji wa madaraka.

Je, wajua gitaa la Lualaba liko Chuo Kikuu cha Rhodes? Jean-Bosco Mwenda alizaliwa 1930 huko Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, ambao leo uko mkoa wa Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta mtaani Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga gitaa. "Masanga" ikarekodiwa, na wapiga gitaa wa nchi nyingi bado wanavunja vidole kuiga ule mchezo wa kidole gumba na cha shahada. Mwaka 1959 Mwenda alikuwa Nairobi, akipiga redioni na kutangaza dawa ya Aspro, na Wakenya wengi wakajifunza gitaa kwa kumsikiliza. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Alifariki 1990. Maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 imo leo ndani ya Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Mwanafunzi wa Kolwezi akitaka kusikia rekodi ya asili ya mtu wa mkoa wake, huko ndiko aelekeze barua.

Misa ya shule iliyoingia sinema: mwaka 1958 kwaya ya Padri Guido Haazen mjini Kamina, kaskazini mwetu, ilirekodi *Missa Luba*. Miaka sita baadaye Pasolini aliitumia katika filamu yake ya Injili ya Mathayo, na 1968 ikasikika katika filamu ya Kiingereza *If....*, kuhusu wanafunzi walioasi shule yao. Wavulana wa Kamina waliimba Sanctus; Ulaya wakasikia mapinduzi.

Mtunzi waziri: Joseph Kiwele, mwanamuziki wa kanisani, ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, na wakati huohuo alikuwa waziri wake wa elimu. Sijui nchi nyingine ambayo wimbo wa taifa na mitihani ya shule vilitoka kwenye dawati moja.

Je, wajua kwamba Waluba walikuwa na kifaa cha kuhifadhi kumbukumbu muda mrefu kabla ya kinasa sauti? Ni lukasa: kibao cha mbao kinachoshikika mkononi, kimepambwa kwa shanga na kauri. Mtaalamu wa chama cha Mbudye hupitisha kidole kutoka ushanga hadi ushanga na kusimulia wafalme, safari, mipaka, mambo ya kusema na ya kunyamaza. Kibao bila msomaji ni bubu. Katika makumbusho ya Ulaya na Marekani vibao vingi vimewekwa kwenye vioo vizuri, taa nzuri, na hakuna wa kuvisoma.

Kuna usiku mmoja wa kampasi ambao hatuna kanda yake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Televisheni ilikuwapo, machozi yake yakaonekana, na video hiyo hadi leo inazunguka. Siku 17 baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, makomando waliingia kwenye kampasi ya Lubumbashi na kuwashambulia wanafunzi. Walionusurika walisimulia kwamba umeme ulikatwa kwanza. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hata sasa. Mobutu alikataa uchunguzi wa kimataifa, Ubelgiji ikasimamisha misaada. Usiku huo tunaujua kwa midomo ya waliokimbilia vichakani, basi.

Filamu ya *La légion saute sur Kolwezi* (1980) ilipigwa wapi? Si Kolwezi. Raoul Coutard aliipigia Guyana ya Kifaransa, Amerika Kusini. Mitaa yetu inayoonekana humo si mitaa yetu.

Ila wapo wanaorekodi kutoka ndani. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi. Jewsiewicki alikuwamo, na nguzo ya mradi nyumbani alikuwa Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyekwisha kuwapeleka vizazi vya wanafunzi kwenye nyumba za wastaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, daftari na kinasa sauti mkononi. Kitabu chake cha 2001, *Bana Shaba abandonnés par leur père*, kinaeleza jinsi kampuni iliyokuwa ikigawa unga, nyumba, shule na hospitali ilivyowaacha watoto wake. Ukikaa na mzee wa kambi ya Musonoi utasikia mambo hayohayo, na mara nyingi utamsikia akitaja namba yake ya kazi kabla ya jina lake.

Picha. Mwaka 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Lubumbashi tamasha la sanaa na kulipa jina hilohilo, Picha. Miaka miwili kabla, katika filamu fupi ya Baloji, *Mémoire*, Faustin Linyekula anacheza dansi peke yake kati ya mitambo iliyokufa ya Gécamines, huku hotuba za zamani za wanasiasa zikilia nyuma. Mwili wa mtu mmoja, chuma chenye kutu, ahadi za redioni. Nimeiona zaidi ya mara moja na bado sijachoka.

Mahakama jukwaani: mwaka 2015 Milo Rau wa Uswisi aliitisha "mahakama ya Kongo" Bukavu na Berlin, yenye mashahidi wa kweli na majaji wa kweli lakini bila nguvu ya kumfunga mtu, akaifanyia filamu. Mwaka 2020 ikafika Kolwezi, safari hii kuhusu kobalti na kampuni za migodi. Watu wa hapa walizungumza mbele ya kamera mambo ambayo kwa kawaida husemwa mlangoni pa bwana migodi na kuishia hapohapo.

Je, wajua kwamba kanda ya zamani huokwa? Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia gundi inayonyonya unyevu. Ukiiweka kwenye mashine inanata, inalia, na unga wa sauti unabanduka mbele ya macho yako. Mafundi huiweka kwenye oveni maalumu, kiasi cha nyuzi 50, kwa saa kadhaa, wakapata muda mfupi wa kuipiga na kuinakili kabla haijanata tena. Usijaribu kwenye oveni ya mikate. Na kama una kanda za marehemu baba kwenye sanduku, ukungu wa masika ya Kolwezi unazijua kabla yako: ziweke zimesimama, pakavu, mbali na spika kubwa, maana sumaku haichagui.

Kurudi kunawezekana. Kanda alizorekodi Klaus Wachsmann nchini Uganda kuanzia mwaka 1949 zilikwenda London. Nakala zake zimerudi Makerere na zina maktaba yenye jina lake. Miaka ya 2010 watu wa maktaba ya Tracey walipeleka nakala hadi vijijini Kenya, wakawakuta baadhi ya waimbaji wa 1950 wangali hai. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lenye sauti za Waluba na Walunda alizorekodi Jos Gansemans mwanzoni mwa miaka ya 1970, limekwisha kuzigeuza kanda zake kuwa faili. Faili haijazi meli. Inahitaji diski moja, barua moja yenye saini ya mkuu wa chuo, na chumba chenye umeme wa uhakika. Hicho cha tatu ndicho kigumu.

Na Mudimbe? Aliondoka Zaire karibu na 1980, akafundisha Marekani hadi uzeeni, akafariki Aprili 2025. Maktaba yake binafsi aliikabidhi Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na vitabu vilivuka bahari kurudi Katanga, jambo ambalo kwa kawaida huenda kinyume. Mkameruni Jean-Pierre Bekolo naye alimketisha mbele ya kamera akazungumza: utoto wa Likasi, monasteri, kampasi, Foucault, Mungu, Mobutu. Filamu ilitoka 2015, *Les Choses et les mots de Mudimbe*, na ina dakika 243. Kwa atakayeionyesha UNIKOL: mafuta ya jenereta yajazwe mpaka juu, na simu zote juu ya meza zizimwe milio.